Shokapu ya nyuma: uimara wake uko mikononi mwa fundi

Anayenunua baiskeli ya mlimani huulizia chapa, bei na idadi ya gia. Swali la sili, oili na naitrojeni huja baadaye, shokapu ikiwa imeshaanza kuvuja.

Chukua baiskeli ya mlimani ya siku hizi ambayo gurudumu lake la nyuma huweza kupanda milimita 150 linapogonga jiwe. Ukiipima shokapu iliyo katikati ya fremu, utakuta yenyewe hubonyea milimita 55 tu. Fremu inafanya kazi ya wenzo: gurudumu likipanda karibu milimita tatu, shokapu huingia milimita moja, na nguvu inayoifikia huwa imekuzwa kwa karibu mara tatu. Mwendeshaji wa kilo 80 aliyetulia kwenye siti, huku asilimia 60 hivi ya uzito wake ikilalia nyuma, tayari anaibebesha shokapu mzigo wa kilo 130. Hapo hajagonga jiwe, hajavuka mzizi, wala hajaanza kushuka.

Kifaa kinachobeba mzigo huo kina urefu wa sentimita 21 hivi na uzito wa karibu nusu kilo. Kama ni cha hewa, hujazwa presha inayoweza kufika psi 200 na zaidi, wakati tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na ushee. Ndani mna oili pia, na nyuma ya oili mna gesi ya naitrojeni. Vinavyozuia vitu hivyo vitatu visichanganyikane wala kutoroka ni sili za mpira, nyingine nyembamba kama tambi, zinazosuguana na bomba la aluminiamu mamia ya mara katika mteremko mmoja.

Kwa hiyo mtu akiuliza shokapu gani ni imara, jina la kampuni peke yake si jibu. Shokapu ya bei ghali kuliko zote itakufa isipofunguliwa na kusafishwa kwa wakati, na ya bei ya kati itadumu miaka ikiwa sili zake zinapatikana na yupo fundi anayeijua. Jambo hilo linatugusa zaidi sisi wa Afrika Mashariki, tulio mbali na Marekani zinakobuniwa nyingi na mbali na Taiwan zinakoundwa. Kwetu huku, uimara wa shokapu hauna budi kupimwa pamoja na umbali wa kuipata sili yake.

Springi hubeba, dampa hutuliza

Shokapu kamili ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya springi: kubeba uzito na kuirudisha baiskeli juu baada ya kubonyea. Springi yaweza kuwa chuma kilichozungushwa, au hewa iliyofungiwa ndani ya kopo la aluminiamu. Kazi ya pili ni ya dampa, nayo ni kuutuliza mwendo huo. Ndani ya dampa pistoni husafiri katika oili, na oili hulazimika kupenya matundu madogo yaliyofunikwa kwa visahani vyembamba vya chuma vinavyopinda. Nguvu ya mdundo hugeuka joto, ndiyo maana ukigusa shokapu mwisho wa mteremko mrefu utaikuta ina moto.

Adui mkubwa wa oili hiyo ni povu. Pistoni ikienda kasi, presha hushuka upande wake wa nyuma, vipovu vikatokea, na oili yenye vipovu haina tena ukinzani. Mwaka 1953 mhandisi Mfaransa, Christian Bourcier de Carbon, alileta suluhisho kwenye shokapu za magari: aliweka pistoni ya pili inayoelea, upande mmoja ikiwa na oili na upande wa pili gesi yenye presha. Gesi huibana oili muda wote, na povu halipati nafasi. Utaratibu huohuo ndio uliomo leo katika shokapu nyingi za baiskeli.

Kutoka kwenye magari ulipitia kwenye pikipiki za motokrosi. Bob Fox alikuwa akitengeneza shokapu za motokrosi huko California katika miaka ya 1970, kabla ya jina lake kuhamia kwenye baiskeli. Mwaka 1989 Paul Turner, naye akitokea kwenye pikipiki, alianzisha RockShox. Chapa hizo mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye baiskeli za mlimani zinazoingia mikononi mwa watu wetu, ziwe mpya au za mtumba.

Hesabu ni ya saa, na saa ni chache

Watengenezaji hupima muda wa huduma kwa saa za kuendesha. Fox huelekeza huduma kamili kila baada ya saa 125 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. RockShox, kwa shokapu zake nyingi za hewa za miaka ya karibuni, hutaka kopo la hewa lihudumiwe kila saa 50 na dampa kila saa 200. Matope, mvua na vumbi huufupisha muda huo zaidi.

Ziweke saa hizo kwenye kalenda. Anayeendesha saa nne kila wikendi hufikisha saa 50 ndani ya miezi mitatu, saa 125 kwenye mwezi wa saba au wa nane, na saa 200 mwaka unapokaribia kwisha. Wengi huisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza shokapu ikiwa na miaka mitatu na haijawahi kufunguliwa. Si uzembe wao peke yao. Muuzaji aliwaeleza habari za breki na mnyororo, na shokapu ikapita bila kutajwa.

Huduma ya mapema ina maana kwa sababu uharibifu wa shokapu hauanzii pale inapovuja. Kwenye mdomo wa kopo kuna sili ya kufuta vumbi. Ikichakaa kidogo tu, vumbi laini hupenya, likachanganyika na grisi na kuwa tope la msasa. Tope hilo husugua bomba kila shokapu inapoingia na kutoka. Bomba lenyewe limepakwa ngozi ngumu lakini nyembamba sana. Ile ya rangi ya dhahabu inayoitwa Kashima, kwa mfano, ni aluminiamu iliyojengewa tabaka gumu na kuongezewa kilainishi cha molibdenamu. Ngozi hiyo ikishakwaruzwa, sili mpya haisaidii, maana hewa na oili vitapita kwenye mchubuko. Hapo utanunua bomba jipya, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya seti ya sili.

Dalili za shokapu inayokufa

Shokapu ya nyuma mara chache huvunjika ghafla. Hudhoofika polepole, na mwendeshaji huzoea ubovu wake kiasi cha kusahau ilivyokuwa mpya. Kwa sababu hiyo ni vizuri kuipima kwa macho na masikio badala ya kungoja kuhisi.

Pampu ya shokapu ndiyo chombo cha kwanza. Andika presha uliyoweka na tarehe. Kushuka psi chache unapofunga na kufungua pampu ni kawaida, kwa kuwa hewa fulani hubaki kwenye mpira wa pampu yenyewe. Lakini kama kila wikendi unalazimika kuongeza, sili inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mdomo wa kopo na kwenye vali, uone wapi mapovu yanatokea.

Pili, sikiliza. Bonyeza siti kwa nguvu kisha iachie irudi. Sauti laini ya oili ikipita ni ya kawaida. Ukisikia mkorogo wa kunyonyanyonya, hasa shokapu inaporudi, oili imechanganyika na hewa, na hiyo ni kazi ya dampa. Dalili nyingine ya dampa ni kirekebisha mwendo wa kurudi, kile kinachozungushwa kwa vidole na mara nyingi ni chekundu. Ukikizungusha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na usione tofauti yoyote, oili imekwisha nguvu au haitoshi.

Tatu, angalia bomba baada ya safari. Utando mwembamba wa unyevu wa oili ni kilainishi kinachofanya kazi yake. Pete nzito ya oili iliyoshika vumbi ni uvujaji.

Nne, na hii ni ya hatari: shokapu iliyoingia ikakataa kutoka. Ndani ya kopo mna vyumba viwili vya hewa, kikubwa kinachoisukuma shokapu itanuke na kidogo kinachoisaidia kuanza kubonyea kwa ulaini. Sili kati ya viwili hivyo ikikatika, presha hujikusanya kwenye chumba kidogo na kuivuta shokapu ndani. Ukifungua vali, hewa ya chumba kikubwa hutoka na shokapu huzidi kuingia, lakini presha ile nyingine imebaki imefungiwa. Anayelazimisha kufungua kopo katika hali hiyo anaweza kurushiwa chuma usoni. Shokapu ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vyake.

Kopo la hewa: kazi unayoweza kuifanya nyumbani

Habari njema ni kwamba huduma ya kila saa 50 haihitaji karakana. Inahitaji meza safi, mwongozo wa shokapu yenyewe, seti ya sili iliyoandikwa namba ya modeli yako, na utulivu.

Kwanza andika presha na idadi ya mibofyo ya kila kirekebisha. Toa hewa polepole huku ukiibonyeza na kuiachia shokapu, ili vyumba vyote viwili vipungue kwa pamoja. Itoe kwenye fremu, ioshe kwa nje na kuikausha. Ishike kwa jicho lake kwenye jiliwa yenye vipande vya mbao ili meno yasiing'ate. Kopo hufunguka kwa mkono, na likikaza, kipande cha tyubu kuukuu kilichozungushwa juu yake hutoa mshiko wa kutosha. Spana ya bomba isiguse hapo kamwe.

Kopo likitoka, ndipo shokapu inapoeleza maisha yake. Kwenye ile iliyohudumiwa, grisi ni nyepesi na rangi yake bado inaonekana. Kwenye ile iliyoachwa, imegeuka uji mweusi uliokwama kwenye mfereji wa sili, na ukiusugua kati ya vidole unahisi chembe za mchanga. Sili kuukuu imekuwa bapa upande mmoja. Ondoa sili kwa kijiti cha mbao au plastiki. Ncha ya bisibisi huacha mkwaruzo kwenye mfereji, na mkwaruzo huo utavuja hata na sili mpya. Futa kila kitu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha shika bomba kwenye mwanga wa dirisha, ulizungushe taratibu, na upitishe ukucha juu yake. Ukucha ukikwama mahali, umepata mchubuko.

Sili mpya zipakwe grisi nyepesi iliyotengenezwa kwa shokapu. Grisi nzito ya beringi za gari haifai: huweza kuziba kinjia kidogo kinachosawazisha hewa kati ya vyumba viwili, na shokapu ikafanya kazi kama imekakamaa. Tia ndani ya kopo kiasi cha oili kinachotajwa na mwongozo, funga kwa mkono, kisha jaza hewa kwa hatua. Kila psi 50, bonyeza shokapu mara kadhaa ili chumba kidogo nacho kipate hewa yake.

Malizia kwa kupima. Vaa kofia, begi na viatu vyako vya safari, kaa kwenye baiskeli bila kudunda, na usogeze pete ya mpira iliyo kwenye bomba hadi kwenye mdomo wa kopo. Shuka taratibu. Pete ikiwa imesogea asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu, presha iko sawa. Kwa shokapu ya milimita 55, hiyo ni milimita 14 hadi 16.

Naitrojeni ndiyo kizingiti

Dampa ni habari nyingine. Kuifungua kunataka kuachia gesi kwanza, kubadili oili bila kuacha hata kipovu kimoja, kuiweka pistoni inayoelea kwenye kina kilichopimwa kwa milimita, kisha kujaza naitrojeni yenye presha ya mamia ya psi kupitia kichwa maalumu cha kila chapa. Anayejaribu kwa kubahatisha huharibu shokapu na anaweza kujeruhiwa.

Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Mafundi wa bodaboda kuanzia Mombasa hadi Mwanza hubadili oili na sili za foku za mbele kila siku na mikono yao imeshazoea. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni vifaa na sili za baiskeli. Naitrojeni yenyewe ipo mijini, ingawa ile ya kujazia matairi huwa imeshapunguzwa presha. Inayotakiwa ni ya mtungi wa viwandani, kutoka kwa wauzaji wa gesi za kuchomelea, ikiwa na kipunguza presha kinachofaa. Mtungi mmoja wa namna hiyo, kwa sababu kila shokapu hutumia gesi kidogo sana, unaweza kuhudumia kundi zima la waendeshaji kwa muda mrefu.

Zipo pia shokapu zilizobuniwa kuukwepa mzigo huo. DVO, kampuni ya California, ilitengeneza shokapu ya Topaz ambayo badala ya pistoni inayoelea ina kibofu cha mpira, na kibofu hicho hujazwa psi 170 hadi 200 kwa pampu ileile ya shokapu. Kwa mtu wa Arusha au Eldoret, kipengele hicho kina thamani kuliko vifundo viwili zaidi vya kurekebishia.

Baridi ya kileleni, vumbi na chumvi

Mlima Kenya una mashindano ya baiskeli yanayoitwa 10to4, yanayochangia kazi ya Mount Kenya Trust. Jina linatokana na mteremko wake: kutoka futi 10,000 hadi futi 4,000, yaani kutoka karibu mita 3,000 hadi mita 1,200. Wengi hudhani mwinuko ndio unaovuruga presha ya shokapu. Hesabu inasema vingine. Tofauti ya presha ya anga kati ya miinuko hiyo miwili haifiki psi 3, kitu kidogo mbele ya psi 200. Joto ndilo lenye nguvu. Ukijaza psi 200 alfajiri kwenye nyuzi 5, hewa hiyohiyo ikifika nyuzi 28 mchana itakuwa imepanda kwa psi 17 hivi, na shokapu itahisi ngumu. Anayeshuka kutoka kwenye baridi kuingia kwenye joto apime tena chini kabla ya kuilaumu shokapu.

Vumbi jekundu la miteremko ya volkano ni laini mno, na mashine za kuosha kwa maji ya presha hulisukuma ndani moja kwa moja kupitia sili. Osha kwa ndoo na brashi laini, kisha futa bomba kwa kitambaa. Pwani, chumvi ya hewani hula bolti na macho ya shokapu hadi yakagandana na fremu. Wa Tanga na Mombasa wazitoe bolti hizo na kuzipaka grisi hata kama saa za huduma hazijatimia.

Shokapu isibebeshwe kosa la fremu

Shokapu hushikwa na fremu kwa bushi ndogo kwenye macho yake, na fremu yenyewe hujikunja kwa beringi. Bushi zikilegea au beringi zikigoma, mkono wa nyuma wa fremu, ule unaoshika gurudumu, huenda upande, na shokapu iliyoumbwa kusukumwa kwa mstari mmoja hupinda kidogo kila inapobonyea. Sili huliwa upande mmoja. Ukiona sili mpya inakufa baada ya wiki chache, acha kununua sili. Inua baiskeli kwa kushika siti: ukihisi mgongano mdogo kabla gurudumu halijaacha ardhi, bushi zimekwisha. Toa shokapu, kisha pandisha na ushushe mkono huo wa fremu. Unapaswa kwenda laini, bila kukwama wala kucheza kando.

Kwa shokapu za springi ya chuma, jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa fimbo yao ni nyembamba. Hata hivyo zina faida: hazina sili za kushikilia hewa ya psi 200, na hivyo sehemu za kuvuja ni chache. Ni nzito zaidi, na springi lazima ilingane na uzito wako. Lakini kwa anayeishi mbali na duka la vipuri na ambaye fremu yake inaruhusu, chuma ni chaguo la busara.

Kwenye mitumba, tahadhari na baiskeli zenye springi ya nyuma tupu isiyo na dampa. Hizo hudunda tu, huiba nguvu ya miguu, na hakuna cha kuhudumia ndani yake. Baiskeli yenye nyuma isiyobonyea na foku nzuri mbele ni bora kuliko hiyo. Ukikuta shokapu ya kweli, soma urefu wake na mwendo wake, kwa mfano 210 kwa 55, tafuta namba ya modeli, kisha uhakikishe sili zake bado zinatengenezwa kabla hujatoa fedha.

Mwendeshaji mmoja hawezi kununua mtungi wa naitrojeni, vichwa vya kujazia na akiba ya sili za chapa tatu. Klabu ya watu ishirini inaweza, na inaweza pia kumlipia fundi mmoja kijana wa mtaani mafunzo ya dampa. Waandaaji wa mashindano nao wanaweza kuweka meza ya shokapu kando ya meza ya matairi, na waagizaji wa baiskeli waagize seti za sili ndani ya kontena lilelile linalozileta. Tukifanya hivyo, baiskeli nyingi zilizotundikwa ukutani kwa ajili ya sili moja zitarudi milimani.